Meneja Tumtakaye: Mcha Mungu au Mjuzi wa Kazi?

Siku hizi umeneja umekuwa jambo la kila mtu. Duka la vifaa vya ujenzi lenye wafanyakazi watatu lina meneja. Shule ya awali ina meneja. Ukipita mitaa ya Posta jijini Dar es Salaam utakuta vitabu vya kufundisha umeneja vimepangwa chini kando ya njia, na semina za siku mbili hufanyika hotelini ambapo mtu huingia na ada mfukoni akatoka na cheti. Humo hufundishwa kupanga muda, kusikiliza, kugawa majukumu, kuendesha mkutano na kusoma hesabu. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Tena Waislamu tunayahitaji kuliko tunavyopenda kukiri.

Lakini lipo swali nyuma ya mafunzo hayo yote, nalo kamati zetu za misikiti, shule na vituo vya yatima hukutana nalo kila zinapotaka kumpa mtu kazi. Wakijitokeza watu wawili, mmoja mcha Mungu asiyeijua kazi, na mwingine anayeijua kazi lakini dini yake hatuna hakika nayo, tumchukue nani? Mara nyingi hatulijibu swali hili kwa hoja. Tunalijibu kwa aibu. Tunaona haya kumkataa mtu mwenye sijida usoni, kisha baada ya miaka miwili tunashangaa shule imefungwa.

Swali hili nimelifikiria zaidi nikiwa Tukuyu kuliko nikiwa Dar es Salaam, na nitaeleza kwa nini.

Tukuyu ni mji mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kusini mwa Mbeya katika barabara iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Mvua ya huko si ya msimu mfupi kama tulivyozoea Pwani. Miezi mingi ya mwaka mtu hatoki nyumbani bila mwavuli. Kwa mvua hiyo, na kwa udongo wa volkano wa Mlima Rungwe, hustawi migomba, viazi, parachichi, na hustawi chai. Chai ilipandwa Kyimbila, jirani kabisa na mji, tangu enzi za Wajerumani. Yapo mashamba makubwa ya makampuni, na wapo maelfu ya wakulima wadogo, mtu na mkewe na watoto wao, wenye vishamba visivyofika hata eka mbili, ambao majani yao huenda kwenye viwanda kama vile vya Katumba na Mwakaleli.

Sasa chai si mahindi. Mahindi ukiyavuna leo na mnunuzi akachelewa wiki mbili, bado ni mahindi. Jani la chai likishachumwa, yale majani mawili na kichipukizi chake, huanza kubadilika saa ileile. Likishindiliwa ndani ya gunia hupata joto na kuwa jekundu, na kiwandani halitoi chai ya maana. Ni lazima lifike siku hiyohiyo. Likifika hunyaushwa, hukatwakatwa kwa mashine, huachwa lichachuke kwa muda maalumu, hukaushwa kwa joto, kisha huchekechwa na kupangwa kwa madaraja. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu. Hatua moja ikikosewa, kazi ya mamia ya watu huishia kuwa takataka.

Hebu tumweke mtu mmoja katikati ya mambo hayo. Mvua imenyesha usiku kucha. Barabara ya kijijini ni tope tupu. Ana malori matatu na vituo kumi na viwili vya kupimia majani. Lori moja limekwama. Kuni za boila zimelowa. Kituo cha mbali kina majani mengi, cha karibu kina machache, na saa zinakwenda. Aanzie wapi? Amwambie nani asubiri? Awaambie nini wakulima waliokaa na magunia yao chini ya paa la bati tangu saa saba mchana?

Tuseme mtu huyo ni mwaminifu kabisa. Anaamka usiku kusali tahajudi, anafunga Jumatatu na Alhamisi, na senti ya mtu haijapata kumpitia mikononi ikapotea. Ila hajui kupanga safari za malori. Hakuagiza kuni mapema. Hakuwa na namba ya fundi. Jioni ikifika, majani ya vituo vitano yameungua. Hakuna aliyeiba hata kilo moja! Lakini yule mama aliyeinama shambani tangu alfajiri na kikapu mgongoni amepoteza jasho lake sawasawa na ambavyo angelipoteza kwa mwizi. Kwake yeye tofauti iko wapi?

Mimi nasema hivi, na anayepinga anijibu kwa dalili: mtu anayekubali kubeba mali ya watu hali hajui namna ya kuibeba, na asijifunze, huyo naye yumo katika khiyana, hata kama mfukoni mwake hamna kitu. Tumezoea kudhani kwamba amana ni kutokuiba tu. Amana ni kukifikisha kitu kwa mwenyewe kikiwa salama. Aliyeiba hakukifikisha, na aliyekiharibu kwa kutojua naye hakukifikisha.

Wala maneno haya si ya vile vitabu vya Posta. Qur'an yenyewe, kila inapomtaja mtu wa kupewa kazi, hutaja sifa mbili pamoja. Katika Suratul-Qasas (28:26), binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), alitaja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hakutaja uaminifu peke yake. Nguvu alikwisha kuiona kisimani, pale Musa alipowanyweshea wanyama wao, na uaminifu aliuona njiani. Katika Surat Yusuf (12:55), Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba awekwe juu ya hazina za Misri alijitaja kwa mambo mawili: kuwa yeye ni mlinzi na kuwa ni mjuzi. Na ujuzi wake haukuwa wa maneno. Aliwaambia watu wa Misri waiache nafaka ndani ya masuke yake, isipokuwa ile ndogo ya kula (12:47). Mkulima yeyote anajua kuwa nafaka iliyo ndani ya suke haishambuliwi upesi na wadudu. Huo ni ufundi wa ghala, nao umetajwa ndani ya Kitabu cha Allah (s.w.). Ni wangapi kati yetu wameisoma aya hiyo mara mia bila kuona kuwa ndani yake mna somo la mtunza stoo?

Tena yupo Abu Dharr (r.a.). Katika Maswahaba ni nani aliyemshinda kwa ukweli na kuipa dunia mgongo? Pamoja na hayo, alipoomba kupewa uongozi, Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana ambayo Siku ya Kiyama huwa majuto kwa asiyeichukua kwa haki yake. Katika riwaya nyingine alimnasihi asiongoze hata watu wawili wala asisimamie mali ya yatima. Hadithi hizi zimo katika Sahih Muslim. Abu Dharr hakutukanwa kwa maneno hayo wala hakushushwa daraja yake mbele ya Allah. Aliambiwa ukweli na mtu aliyempenda. Sisi kamati zetu hazina mapenzi ya namna hiyo. Tunampa mzee wetu kazi asiyoiweza, akishindwa tunamsengenya barazani.

Kipo kituo kimoja cha Kiislamu katika Nyanda za Juu Kusini, sitakitaja jina. Kina shule, bweni na yatima kadhaa. Niliombwa kwenda kusaidia kupitia vitabu vyake vya hesabu baada ya maneno kuwa mengi kwamba msimamizi anakula pesa. Nilikaa siku nne. Wizi sikuuona. Nilichoona ni kwamba mahindi ya bweni yalinunuliwa kila mwaka mwezi Februari, wakati bei iko juu kabisa, ilhali huko mavuno hutoka kuanzia Juni na gunia huwa rahisi. Kwa nini Februari? Kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu ya magunia kabla ya njaa kubisha hodi. Risiti zilikuwa ndani ya mfuko wa rambo, nyingine zimeliwa na panya. Walimu walikuwa hawajalipwa miezi minne na hakuna aliyewaeleza watalipwa lini. Wawili kati yao, waliokuwa wazuri kuliko wote, walikwisha kuondoka. Msimamizi mwenyewe alikuwa sheikh mwenye heshima, analala katika chumba kisicho na dari na kula pungufu ya wanafunzi wake. Nilipomweleza habari ya mahindi alilia. Sikujua nimwambie nini, kwa sababu machozi yale yalikuwa ya kweli na deni la walimu nalo lilikuwa la kweli.

Nitaje jambo moja tu kuhusu deni hilo. Sote tunajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Tunayasema sana tunapowasema wenye viwanda wa Kihindi na wawekezaji. Kwa mwalimu wa madrasa tunamwambia asubiri, malipo yake yako kwa Allah. Kweli yako kwa Allah, na mwenye nyumba aliyopanga naye anasubiri kodi.

Kamati ilikutana, na hapo ndipo swali letu lilipojitokeza waziwazi. Msimamizi abaki na kazi yake ya malezi na darsa, anayoiweza kuliko mtu yeyote, na hesabu na manunuzi apewe mwingine. Nani? Katika mji ule alikuwepo mzee mmoja mstaafu aliyetunza hesabu kwa miaka mingi katika biashara ya chai. Anajulikana. Wakulima walimsifu kwamba hata siku moja daftari lake halikupingana na mizani. Alikuwa tayari kufanya kazi kwa posho ndogo. Tatizo lilikuwa moja tu: ni Mkristo, muumini wa Moravian.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Rungwe ni nchi ya misheni. Wamoravian walifika na kujenga Rungwe mwaka 1891. Hospitali ya Igogwe ni ya Wakatoliki, Itete ni ya Walutheri. Muislamu wa Tukuyu amekulia akiwa mmoja kati ya wengi, na amezoea kuambiwa kwamba elimu na hospitali ni vya wenzake. Kituo kile kwake si jengo tu, ni heshima. Kumwita Mkristo aje ashike hesabu zake kulionekana kama kuvua kanzu sokoni. Mjumbe mmoja aliuliza kwa hasira: tumekosa Muislamu mmoja katika mkoa mzima? Swali lake lilikuwa la haki, na jibu la siku hiyo lilikuwa kwamba ndiyo, kwa posho ile na kwa ujuzi ule tulikuwa tumemkosa.

Waliopinga walisoma aya za kuwakataza Waislamu kuwafanya wasiokuwa wao kuwa wasiri na wasimamizi wao. Aya hizo zipo, na hakuna Muislamu wa kuzikataa. Lakini ipo pia sira. Wakati wa Hijra, Maqureshi wakiwa wameahidi ngamia mia kwa atakayemleta Mtume (s.a.w.) akiwa hai au maiti, ni nani aliyepewa siri ya njia? Alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya makafiri wa Kiqureshi. Bukhari ameipokea habari hiyo. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimwajiri kwa malipo, wakampa ngamia wao wawili, wakapanga naye akutane nao pangoni Thawr baada ya siku tatu. Alijulikana kuwa fundi wa njia za jangwani, na walimwamini. Angeweza kuwauza kwa ngamia mia, naye hakuwauza. Maswahaba wacha Mungu walikuwepo, ila njia ile ya pwani hawakuijua kama yeye.

Vilevile siku ya ufunguzi wa Makka ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiishika kazi hiyo tangu zamani, naye alikuwa amesilimu karibuni tu. Watu wa karibu kabisa wa Mtume (s.a.w.) waliuomba. Alimrudishia Uthman. Wafasiri wengi wanaihusisha na tukio hilo ile aya ya Suratun-Nisaa (4:58) inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Udugu haukutosha kuwa sababu.

Sisemi kwamba kesho tukabidhi misikiti yetu kwa kila mwenye stashahada. Nasema kushika daftari la mahindi ni kazi, na kazi ina wanaoijua. Kumpa mtu udereva hakumfanyi kuwa imamu wa abiria.

Wala sitaki nieleweke kwamba ujuzi ukiwepo basi uaminifu ni pambo. Mjuzi asiyeogopa anaijua milango yote ya kutokea. Mtu wa Tukuyu hahitaji kuelezwa hili, kwa sababu anaijua mizani. Karani wa kituo cha chai anaweza kumpunja mkulima kwa njia nyingi bila kugusa senti: akikata kilo nyingi mno kwa kisingizio cha maji ya mvua, akisoma mshale upesi kabla haujatulia, akiyapokea mabaya ya rafiki yake na kuyakataa mazuri ya asiyemfahamu. Kilo moja kwa kila gunia si kitu kwa macho. Izidishe kwa wakulima mia mbili na siku za kuchuma katika mwezi, utaona ni nyumba ya mtu. Sura nzima, Al-Mutaffifin, imeanza kwa onyo juu ya watu hao. Na pale Ibn al-Lutbiyya aliporudi kutoka kukusanya zaka akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi, Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Makarani wa kila mizani wangeisikia khutba hiyo kabla ya kuanza kazi!

Sasa sifa mbili zisipopatikana kwa mtu mmoja? Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliliona tatizo hili katika kitabu chake cha As-Siyasa ash-Shar'iyya, akakiri kwamba nguvu na uaminifu kukutana kwa mtu mmoja ni nadra. Jibu lake halikuwa la mkato. Alisema itazamwe kazi yenyewe. Katika vita hutangulizwa shujaa na mjuzi wa vita hata kama ana kasoro zake. Alimtaja Imamu Ahmad bin Hanbal, ambaye aliulizwa juu ya majemadari wawili wa namna hiyo, akajibu kwa maana kwamba nguvu ya yule mwenye nguvu ni faida ya Waislamu na dhambi zake ni juu yake, na yule mwema dhaifu wema wake ni wake na udhaifu wake unawaangukia Waislamu. Katika kutunza mali hutangulizwa mwaminifu. Na panapohitajika kukusanya na kutunza kwa pamoja, wawekwe watu wawili: mwenye nguvu wa kukusanya na karani mwaminifu wa kuhifadhi.

Watu wawili! Wahasibu wa leo wanafundishwa jambo hilohilo vyuoni kwamba anayeagiza asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayeandika. Katika misikiti yetu mingi mtu mmoja hufungua sanduku la Ijumaa, huhesabu, hupeleka benki, hununua simenti na husoma taarifa. Tukimwambia awepo wa pili anaona tumemtuhumu. Kumwekea mtu mwenzake si tuhuma, ni kumkinga na ndimi za watu na kumkinga na Shetani.

Historia ya chai ya Rungwe nayo inaonesha kwamba kushindwa hakuhitaji mtu mbaya. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli viliendeshwa kwa miaka mingi na Mamlaka ya Chai, shirika la umma lililowekwa kwa nia njema kabisa ya kumwinua mkulima mdogo. Kufikia miaka ya 1990 mitambo ilikuwa imechakaa na malipo ya wakulima yanachelewa. Mkulima asipolipwa hagomi kwa mabango. Anaacha kuchuma. Mchai usipochumwa hauendelei kuwa kichaka cha kiunoni, unakua mti, na shamba linageuka msitu. Ndivyo mashamba mengi yalivyokuwa. Sheria ya Chai ya mwaka 1997 ikatenganisha kazi, Bodi ya Chai ikabaki na usimamizi na ukawepo wakala wa kuwaendeleza wakulima wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda hivyo viwili vikawa chini ya kampuni ya Wakulima Tea, ambamo chama cha wakulima wadogo wa Rungwe kilikuwa na hisa. Sisemi matatizo yaliisha. Katika zao hili hayaishi. Ila watu walirudi kukata ile miti na kuirudisha kuwa michai kwa panga, kazi ya miezi, baada ya kuona tu kwamba majani yanachukuliwa na malipo yanakuja. Hawakuhitaji semina ya motisha.

Wapenzi wa mpira wataniongezea mfano mwingine wa mji huohuo. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Mji mdogo wa mvua na migomba! Hawakuurudia tena. Kushinda walijua. Kulinda kile walichokipata, kile ambacho Nabii Yusuf alikitaja kwanza kabla ya elimu yake, kulihitaji watu wa aina nyingine nje ya uwanja.

Turudi kwenye kamati. Baada ya mikutano mitatu yule mzee alichukuliwa kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba vijana wawili wa Kiislamu wakae naye meza moja kila siku na mwisho wa mwaka wao ndio waandike taarifa. Wajumbe wawili walijiuzulu. Mwaka huo mahindi yalinunuliwa Julai, na walimu wakabandikiwa ukutani tarehe ya mshahara, pamoja na maelezo kila ilipochelewa na sababu yake. Mmoja wa vijana wale sasa anasomea uhasibu. Wa pili aliondoka akafungue duka, na kwa jinsi anavyoandika daftari la mikopo naona hakupoteza mwaka wake.

Kuna jambo moja bado halijatatuliwa pale, nalo ni gumu kuliko hesabu. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika juu ya ada yao iitwayo ubusoka. Mara moja katika kila kizazi, wazee waliwakabidhi vijana wao utawala wa nchi, wao wenyewe wakiwa hai. Ardhi iligawiwa upya, wakuu wapya wa vijiji wakasimikwa, na wazee wakasogea pembeni. Matambiko yaliyoambatana na ada hiyo si yetu. Lakini ile akili ya kukabidhi mapema, kabla mauti hayajakabidhi kwa niaba yako, Waislamu tungepaswa kuwa nayo zaidi ya watu wote. Mtume (s.a.w.) mwishoni mwa uhai wake alimpa bendera ya jeshi Usama bin Zayd, kijana wa karibu miaka 20, hali ndani ya jeshi mna watu wazima wa daraja ya Umar (r.a.). Wapo walionung'unika. Hakumwondoa, na Abubakar (r.a.) naye hakumwondoa.

Mwenyekiti wa kituo kile yuko madarakani mwaka wa 19. Ni mtu mwema na hakuna anayemtuhumu. Hati ya kiwanja cha wakfu iko nyumbani kwake ndani ya sanduku, na katika wajumbe 11 niliowauliza, anayejua sanduku lenyewe limewekwa chumba gani ni mmoja tu, naye ni mkwewe.